TUUNGANISHE BETRI VIZURI, TUOKOE KUKU

Ndugu mfugaji wa Handeni na Korogwe, kideri hakina dawa. Kinga yake ni chanjo. Chanjo hutunzwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto, huharibika.

Je, kisanduku chenu cha kupozea ni cha volti 12, na betri moja haitoshi? Chukueni betri mbili za volti 12, za aina moja na umri mmoja. Unganisheni chanya kwa chanya, hasi kwa hasi. Volti hubaki 12, umeme hudumu zaidi.

Msiunganishe chanya ya moja na hasi ya nyingine. Volti huwa 24, kisanduku huungua.

Wekeni kisanduku kivulini. Jua la Handeni likikipiga, hakipoi. Pimeni kwa kipimajoto kabla ya kuchanja.