Melatonini: Homoni ya Giza na Kidonge cha Usingizi

Miongoni mwa vidonge vinavyotafutwa na watu wanaokosa usingizi, melatonini ina sifa ya pekee, kwa kuwa ni homoni, yaani kemikali ambayo mwili huitengeneza wenyewe na kuisafirisha kwa njia ya damu ili kupeleka ujumbe kutoka kiungo kimoja hadi kingine. Nchini Marekani huuzwa madukani bila cheti cha daktari, katika rafu zilezile zenye vitamini, na wengi huichukulia kuwa dawa ya usingizi isiyo na madhara, ambayo mtu akizidisha kipimo chake huzidisha pia usingizi. Dhana hiyo inapotosha, na inafaa isahihishwe mapema. Kazi ya melatonini ni kuuarifu mwili kwamba usiku umeingia. Haimlazi mtu kwa nguvu, na manufaa yake hutegemea zaidi saa inapomezwa kuliko wingi wake.

Homoni hiyo ilibainishwa mwaka 1958 na Aaron Lerner na wenzake katika Chuo Kikuu cha Yale. Lerner alikuwa daktari wa ngozi, wala hakuwa akitafuta tiba ya usingizi. Alivutiwa na uchunguzi wa tangu mwaka 1917 ulioonyesha kwamba viluwiluwi wakilishwa dondoo la tezi ya pineali ya ng'ombe ngozi yao hupauka, naye akatumaini kuwa kiini cha dondoo hilo kingesaidia kutibu magonjwa ya rangi ya ngozi. Ilibidi tezi za ng'ombe zikusanywe kwa maelfu kutoka machinjioni ili kupatikane chembe chache tu za kemikali hiyo. Tiba ya ngozi haikupatikana, lakini jina lilibaki na kumbukumbu ya safari hiyo, kwani mwanzo wake ni neno la Kigiriki lenye maana ya weusi, lililozaa pia jina la melanini, rangi iliyomo katika ngozi ya binadamu.

Tezi ya pineali ina ukubwa wa punje ya mchele na imejificha katikati ya ubongo, ambako huitengeneza melatonini kutokana na serotonini, ambayo nayo hutokana na triptofani, kijenzi cha protini kinachopatikana katika vyakula kama mayai, samaki, maziwa na maharage. Tezi hiyo haijiamulii saa ya kufanya kazi. Hupokea amri kutoka kwa kundi la seli za neva zipatazo 20,000, lililoko juu kidogo ya mahali ambapo neva za macho mawili hupishana, na kundi hilo ndilo saa kuu ya mwili. Kwa watu wengi mzunguko wa saa hiyo huzidi saa 24 kwa dakika chache, hivyo hulazimika kurekebishwa kila siku, na kinachoirekebisha ni mwanga. Ndani ya jicho zimo seli maalumu ambazo kazi yake kubwa ni kupima mwanga, hasa ule wa buluu, na kuipa saa kuu taarifa; zikihisi mwanga, amri ya kutengeneza melatonini husitishwa. Mwaka 1980 mtafiti Alfred Lewy na wenzake walithibitisha kwamba mwanga mkali unaowashwa usiku hushusha melatonini katika damu ya binadamu.

Mpangilio huo si mgeni kwa mzungumzaji wa Kiswahili, ambaye hesabu yake ya saa huanzia kwenye mapambazuko na machweo badala ya usiku wa manane. Katika sehemu za Afrika Mashariki zilizo karibu na ikweta, jua huchomoza na kuzama karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo saa moja usiku ni kweli saa ya kwanza ya giza. Kwa mtu mzima aliyezoea kulala saa nne usiku, melatonini huanza kupanda yapata saa mbili usiku, hufikia kilele kati ya saa nane na saa kumi usiku, kisha hushuka kadiri alfajiri inavyokaribia, na mchana hubaki kidogo sana. Hata hivyo, siku hizi kuzama kwa jua hakuleti giza nyumbani. Taa nyeupe za sebuleni na televisheni huendelea kuwaka, na mara nyingi mtu akishazima taa ya chumbani huingia ndani ya chandarua na simu, akaishika karibu na uso kwa saa nzima, huku macho yakiendelea kupeleka habari za mwanga kwenye ubongo ambao ungepaswa kupokea habari za giza.

Je, kidonge kinaweza kuliziba pengo hilo? Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliojumlisha majaribio 19 yenye washiriki 1,683 wenye matatizo ya usingizi, ulionyesha kuwa waliopewa melatonini walisinzia mapema kwa dakika 7 hivi na kulala muda mrefu zaidi kwa dakika 8 hivi kuliko waliopewa kidonge kisicho na dawa. Manufaa yapo, ila ni madogo. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa usingizi nchini Marekani kilipendekeza melatonini isitumiwe kutibu tatizo sugu la kukosa usingizi kwa watu wazima. Tiba inayotangulizwa kwa tatizo hilo ni mafunzo ya kubadili fikra na mazoea ya kulala, ambayo humfundisha mgonjwa kuamka saa ileile kila siku, kukitumia kitanda kwa usingizi, na kuondoka kitandani anapokaa macho kwa muda mrefu akiuhangaikia usingizi usiokuja.

Melatonini hufaa zaidi pale ambapo saa ya mwili imeachana na saa ya ukutani. Mfano ulio wazi ni mfanyabiashara anayesafiri kwa ndege kutoka Dar es Salaam kwenda Guangzhou, China, ambako saa hutangulia kwa saa 5. Anapopanda kitandani huko saa nne usiku, mwili wake bado uko kwenye saa kumi na moja jioni, na homoni ya giza haijaanza kutoka. Mapitio ya majaribio yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba kipimo cha kati ya miligramu 0.5 na 5, kikimezwa karibu na saa ya kulala ya huko msafiri aendako, hupunguza uchovu wa safari zinazovuka kanda tano za saa au zaidi. Akikimeza kidonge hichohicho saa isiyofaa, anaweza kuchelewesha mwili kuzoea. Msafiri wa kutoka Dar es Salaam kwenda Muscat, ambako tofauti ni saa 1 tu, hana haja nacho. Wengine wanaonufaika ni vipofu wasiohisi mwanga wowote, ambao saa yao ya mwili huteleza kila siku hadi usingizi huwajia mchana. Katika utafiti wa mwaka 2000, watu sita kati ya saba wa kundi hilo walirejea kwenye mzunguko wa saa 24 kwa kutumia melatonini kila usiku.

Suala la ubora wa vidonge linastahili uangalifu mkubwa. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1994, melatonini huhesabiwa kuwa nyongeza ya lishe, kwa hiyo mtengenezaji halazimiki kuthibitisha ufanisi wake kabla ya kuiuza kama inavyotakiwa kwa dawa, ilhali Uingereza huitoa kwa cheti cha daktari. Wachunguzi nchini Kanada waliopima bidhaa 31 na kuchapisha matokeo mwaka 2017 waligundua kuwa baadhi zilikuwa na chini ya robo ya kiasi kilichoandikwa na nyingine zaidi ya mara tano yake, na takriban robo ya bidhaa zilikuwa pia na serotonini, ambayo haikutajwa kabisa kwenye lebo. Hatari huongezeka melatonini inapotengenezwa kama peremende laini za kutafuna, kwani watoto hawawezi kuitofautisha na pipi. Vituo vya sumu vya Marekani viliripotiwa watoto na vijana 8,337 walioimeza mwaka 2012, na idadi ikafika 52,563 mwaka 2021.

Madai kwamba melatonini hurefusha maisha nayo yanahitaji kupimwa. Mwaka 1995 Walter Pierpaoli na William Regelson waliandika kitabu kilichoisifu kuwa kinga ya uzee, wakitegemea majaribio ya panya, lakini watafiti Steven Reppert na David Weaver walionyesha kuwa baadhi ya panya hao walikuwa wa ukoo wenye kasoro ya kurithi inayozuia mwili kutengeneza melatonini, hivyo maisha yao marefu hayakuwa ushahidi wa kutosha wa kazi ya homoni hiyo. Uwezo wake wa kupunguza chembe haribifu mwilini umeonekana maabarani, lakini ushahidi huo hautoshi kumfanya mtu mwenye afya aimeze kila siku.

Kwa matumizi ya muda mfupi, madhara yanayojulikana ni mepesi, nayo ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi unaoendelea asubuhi, jambo la hatari kwa dereva. Anayetumia dawa ya kuzuia damu kuganda, dawa za sonona au dawa za kifafa, pamoja na mama mjamzito au anayenyonyesha, anapaswa kumwona daktari kwanza. Vilevile, anayekoroma sana na kukata pumzi usingizini, au anayeamshwa na haja ndogo mara kwa mara, ambayo huweza kuwa dalili ya kisukari, akitegemea melatonini ataufunika ugonjwa unaohitaji tiba yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuuliza ni miligramu ngapi zimezwe, ni vyema mtu achunguze giza la nyumba yake huanza saa ngapi. Kuota mwanga wa jua asubuhi, kuacha kahawa tangu alasiri, kupunguza taa baada ya chakula cha usiku na kuiweka simu mbali na kitanda ni hatua zinazoiwezesha tezi ya pineali kuanza kazi yake yapata saa mbili usiku, kwa kipimo ambacho mwili wenyewe unakijua.