Faini ya Tajiri, Mfuko wa Dereva

Atokaye Mkuu wa Rombo na shehena ya ndizi hushuka kwa Mwika na Marangu mpaka Himo, ambako njia ya mlimani hukutana na barabara kuu ya Moshi na Holili. Na kutoka Njia Panda iliyo jirani, aendaye Dar es Salaam hushika njia ya kusini kwa Mwanga na Same, akiwa bado na safari ya kilomita mia kadhaa mbele yake. Katika mwendo huo dereva wa lori la Fuso husimamishwa mara nyingi na trafiki, na kila asimamishwapo mambo atakiwayo hayabadiliki sana: leseni, bima, stika, tairi, taa, kizimia moto na pembetatu za tahadhari.

Si insafu kusema kwamba ukaguzi huo ni adha tupu. Mteremko wa Marangu ni mrefu, nao huzichosha breki za gari lililolemewa hata zikapata moto na kukataa kushika. Na huko chini wamo wachuuzi, wanafunzi na waendesha bodaboda wasiokuwa na kinga ghairi ya breki zile. Trafiki azuiaye lori lenye tairi kipara lisiingie mteremkoni huenda ameokoa roho za watu asiowajua wala wasiomjua, naye astahili shukrani, ingawa aghalabu hupata lawama.

Mizani ya kupimia malori njiani nayo ina hoja yake. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, lori pamoja na shehena yake halina ruhusa ya kupita tani 56, wala ekseli moja yenye matairi manne kupita tani 10. Majaribio yaliyofanywa Illinois, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1950 yalidhihirisha kwamba madhara ya ekseli kwa barabara hukua upesi kuliko uzito wenyewe, takriban kwa kipeo cha nne, hata ekseli iliyozidishiwa sehemu moja katika tano ya uzito wake huiumiza lami karibu maradufu.

Walakini yafaa tuulize ni nani alipaye. Tairi kipara si la dereva. Ni la tajiri wa gari, aliyeambiwa juzi kwamba limekwisha naye akajibu kwamba litafika. Bima iliyomalizika muda ni ya tajiri, na magunia yaliyopita kiasi yalipakiwa kwa amri yake. Trafiki hamwoni tajiri, humwona dereva, na faini ya Sh 30,000 kwa kila kosa, makosa yakiwa matatu, hula posho ya safari nzima. Hapo ndipo rushwa ipatapo mlango. Dereva aliyebanwa baina ya faini asiyoimudu na noti ndogo isiyo na risiti huichagua noti, na kwa kuitoa huingia mwenyewe katika jinai, maana sheria ya mwaka 2007 ya kuzuia rushwa humshika mtoaji sawasawa na mpokeaji. Tume ya Jaji Warioba, iliyochunguza rushwa nchini, iliitaja kero hiyo ya polisi tangu mwaka 1996.

Siku hizi faini hulipwa kwa namba ya malipo, fedha zikaenda serikalini, na deni huweza kutazamwa kwa namba ya gari. Ni hatua njema, lakini haimzuii tajiri kulikata deni lile katika ujira wa dereva mwisho wa mwezi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haikubali makato ya hasara ila iwe imetokana na kosa la mwajiriwa, naye aelezwe kwa maandishi na kupewa nafasi ya kujitetea, tena makato yasizidi robo ya ujira. Mwendo wa kupita kilomita 50 kwa saa katika makazi ya watu ni kosa la dereva, na alilipe. Tairi si kosa lake. Lakini ajiriwaye kwa maneno ya mdomo ataidai vipi haki hiyo? Mikataba ya kazi ilikuwa miongoni mwa madai ya madereva waliogoma nchini mwaka 2015, nami naona dai lile ni la kweli mpaka leo: trafiki adaiye leseni na bima pale Himo angedai pia mkataba wa dereva, na asipouona, hati ya faini ya tairi na breki iandikwe kwa jina la tajiri.