Maumivu ya wazee wa Ziwa Mweru yana dawa, shida ni kuifikisha

CHIENGE, Zambia. Mvuvi mzee wa Chienge akigundulika na saratani, safari ya matibabu humwelekeza Lusaka, iliko hospitali ya taifa ya saratani, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka ufukweni. Jirani kidogo ipo hospitali ya misheni ya St. Paul's huko Kashikishi, wilayani Nchelenge. Ng'ambo ya maji ni Kongo, miji ya Pweto na Kilwa.

Zambia haikuwasahau wazee. Sheria ya bima ya afya ya taifa ya mwaka 2018 imewasamehe michango wenye umri wa zaidi ya miaka 65. Lakini msamaha wa mchango haulipi nauli, wala hautulizi maumivu ya usiku kwa mgonjwa aliyekwisha kurudishwa nyumbani.

Hapo ndipo inapohitajika tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia mateso mgonjwa mwenye maradhi mazito na kuisaidia familia inayomuuguza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu milioni 56.8 huihitaji kila mwaka duniani, na ni asilimia 14 tu wanaoipata.

Dawa yake kuu, mofini ya kunywa, si ya gharama kubwa. Uganda imeonyesha njia. Mwaka 1993 Dk. Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala. Unga wa mofini huchanganywa na maji, hutiwa kwenye chupa, na mgonjwa hunywa kipimo chake nyumbani kila baada ya saa nne. Kwa kuwa mofini hufunga choo, mgonjwa hupewa pia dawa ya kulainisha.

Hatua kubwa zaidi ilikuwa ya kisheria. Mwaka 2004 Uganda iliwaruhusu wauguzi na maofisa tabibu waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini, kazi iliyokuwa ya madaktari. Kijiji kisicho na daktari kikapata mtu wa kumtuliza mgonjwa.

Nusu ya pili ya kazi hiyo Zambia inaijua tangu zamani. Mwaka 1987, Ukimwi ulipopamba moto, hospitali ya Chikankata, kusini mwa nchi, ilianza kuwafuata wagonjwa majumbani badala ya kuwalaza wote wodini. Watu wa kujitolea vijijini wakawa nguzo ya huduma hiyo. Mzee mwenye saratani au kiharusi anahitaji mlango wake ubishwe vilevile.

Katika ufuko wa Mweru suala hili halina mpaka. Tangu 2017 wakimbizi wa Kongo wamevuka kuingia Zambia, na kambi ya Mantapala ilifunguliwa Nchelenge mwaka 2018. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Zambia si mwanachama, lakini nchi zote mbili zimo SADC, ambayo mwaka 2019 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi.

Mikutano ya kikanda huzungumza sana ushuru na barabara. Kwa familia inayomuuguza mzee Chienge, kipimo cha ushirikiano ni kidogo zaidi: chupa moja ya dawa katika zahanati ya jirani, na muuguzi mwenye ruhusa ya kuitoa.