Deraya ya ngozi si jaketi

Katika filamu na michezo ya kompyuta yenye majoka na wachawi, kuna watu watatu ambao ni lazima wavae ngozi: mwizi, mwindaji wa msituni na mpelelezi wa mfalme. Vazi lao ni moja. Ni jeusi, laini, limebana kiuno, limepigwa vinundu vya chuma kifuani, na upanga ukiligusa huacha mchubuko tu. Waliovaa chuma wanagongana kama masufuria. Aliyevaa ngozi anapita kama paka.

Nimeshughulika na ngozi miaka mingi, na kila nikiona vazi hilo hadithi hunitoka nikabaki natazama mishono. Ile si deraya. Ni jaketi la mwendesha pikipiki.

Ngozi laini namna ile hutengenezwa kwa chumvi za kromi, njia iliyoingia viwandani mwishoni mwa karne ya 19. Leo ndiyo inayotawala: viatu vya ofisini, pochi, viti vya magari. Sifa yake mojawapo ni kwamba ikitengenezwa vizuri haisinyai hata ukiitia kwenye maji yanayochemka. Kwa mshona viatu hiyo ni baraka. Kwa fundi wa deraya ni kasoro, maana ngozi isiyotikiswa na joto huwezi kuikakamaza kwa joto.

Kabla ya kromi, kazi ya kutengeneza ngozi ilifanywa na miti. Magome ya mwaloni kule Ulaya, ya mikoko pwani kwetu, ya miwati inayolimwa Njombe na nyanda za juu za Kenya, yote yana tanini, dutu ileile inayokausha ulimi ukila bibo lisiloiva. Ngozi huloweshwa shimoni pamoja na magome, na tanini huingia taratibu na kujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni. Ngozi nene ya soli iliweza kukaa humo mwaka mzima. Inayotoka ni ya rangi ya kahawia, nzito, na ina tabia ya ajabu: ilowekwe maji baridi, kisha itumbukizwe dakika moja kwenye maji ya nyuzi 80 hivi, nayo itajikunja na kunenepa mbele ya macho yako. Ikiwa bado ya moto unaifinyanga upendavyo. Ikikauka, inalia ukiigonga, kama ubao.

Wafaransa waliiita cuir bouilli, yaani ngozi iliyochemshwa, na jina hilo limewaponza wengi. Ukiichemsha kweli, ikatokota, unapata kitu kidogo, kilichopindapinda, kinachovunjika kama biskuti. Ngozi isiyotiwa magome ukiendelea kuichemsha unapata gundi. Maseremala wa zamani waliipata gundi yao kwa namna hiyohiyo. Wapo mafundi walioimarisha ngozi kwa nta badala ya maji, na wataalamu bado wanabishana ni njia ipi iliyotumika wapi. Mimi naamini zilitumika zote mbili, maana fundi hashiki njia moja kama dini.

Ipo pia njia ya kutotumia magome kabisa. Aliyewahi kuona ngoma ikiwambwa anajua ngozi mbichi ikikauka inavyokuwa. Ngao za Wamaasai zilitengenezwa kwa ngozi mbichi ya nyati iliyokazwa kwenye fremu ya mti, na ngao hiyo imekaa katikati ya bendera ya Kenya tangu mwaka 1963. Hakuna anayeiangalia akafikiri ni silaha ya mtu aliyekosa hela ya kununua chuma.

Hapo ndipo hadithi za kubuni zinaponikera zaidi: zinamfanya mvaa ngozi kuwa maskini. Chaucer, mshairi wa Uingereza wa karne ya 14, alimvika mmoja wa mashujaa wake kinga za miguu za ngozi iliyokakamazwa, na shujaa huyo ni mtu wa anasa, si mkulima. Alikuwa akimtania, lakini si kwa umaskini. Mwaka 1278 mfalme Edward wa Kwanza aliandaa mashindano ya mapambano huko Windsor, na hesabu za manunuzi zinaonyesha washiriki walitengenezewa deraya za ngozi, pamoja na panga za mfupa wa nyangumi na karatasi ya ngozi ili wasiuane. Kwa Wamongolia ngozi ilikwenda vitani hasa. Mtawa Giovanni da Pian del Carpine, aliyetumwa na Papa kwao mwaka 1245, alieleza jinsi walivyokata mikanda ya ngozi yenye upana wa kiganja, wakaigandisha mitatu au minne pamoja, kisha wakaifunga kwa kamba. Na mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Zurich walichapisha habari za deraya iliyozikwa na mwenyewe huko Yanghai, kaskazini magharibi ya China, zaidi ya miaka 2,500 iliyopita: magamba ya ngozi zaidi ya 5,000 yaliyopangwa kama vigae, uzito wote kilo 4 au 5, na mtu aliweza kuivaa peke yake bila msaidizi.

Uzito huo una hesabu yake. Mita moja ya mraba ya ngozi yenye unene wa milimita 5 ina kilo 5 hivi. Chuma cha milimita 2 kwa eneo hilohilo ni karibu kilo 16. Ngozi haishindi chuma kwa kuzuia mshale, na atakayekuambia inashinda anakuuzia kitu. Inachofanya vizuri ni kuupoza upanga unaokata kwa ukingo na kulisambaza pigo la rungu, kwa uzito ambao mtu anaweza kukimbia nao.

Sasa vile vinundu. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, ndio ulioisambaza duniani picha ya ngozi yenye vinundu. Katika kanuni zake za mwaka 2014, deraya ya ngozi tupu inauzwa sarafu 10 za dhahabu, na yenye vinundu sarafu 45, kwa sababu inakinga zaidi. Inakinga vipi? Upanga ukitua katikati ya vinundu viwili unakutana na ngozi ileile. Maelezo yenye mashiko ni kwamba mtu alitazama picha ya brigandini, koti la kivita la karne ya 15, akaona vichwa vya ribiti vimejipanga nje akadhani ni mapambo yanayokinga. Hakuona kilichokuwa ndani. Kila ribiti ilishikilia bamba la chuma upande wa pili wa kitambaa au ngozi. Katika makaburi ya halaiki ya Visby, kisiwani Gotland, ambako watu walizikwa na deraya zao baada ya vita vya mwaka 1361, nguo na ngozi viliozea ardhini. Wachimbaji wa karne ya 20 walikuta mabamba na ribiti. Kinga ilikuwa imebaki; lililooza lilikuwa ganda.

Kuhusu ngozi ya joka, ambayo waandishi huipenda kuliko zote, ninalo neno. Muulize mtu yeyote wa machinjioni: ngozi ya mgongoni na makalioni ni nene na imeshikamana, ya tumboni ni nyembamba na inavutika. Fundi wa deraya anachukua mgongo. Jumba la Makumbusho la British Museum lina deraya ya ngozi ya mamba, chapeo na kifua, iliyopatikana Manfalut nchini Misri, ya wakati wa utawala wa Warumi. Aliyeitengeneza alitumia mgongo wenye matuta ya mifupa, ilhali watengeneza mikoba wa leo hulipenda tumbo kwa sababu ni laini. J. R. R. Tolkien alilijua jambo hili: joka lake Smaug, katika kitabu cha mwaka 1937, linakufa kwa mshale uliopenya palipo wazi upande wa chini. Na wazee wa Lamu wanasimulia kwamba Fumo Liongo, ambaye silaha hazikumdhuru, aliuawa kwa sindano ya shaba kitovuni. Basi shujaa akilichuna joka, mwandishi aniambie amechuna upande gani.

Kisha aniambie nani aliitengeneza hiyo ngozi. Tuseme mgongo wa ng'ombe mmoja kwa askari mmoja. Jeshi la watu 1,000 linahitaji ng'ombe 1,000, chokaa ya kuondoa manyoya, magome ya msitu mzima, mto, na miezi mingi ya kungoja. Mfalme anayetangaza vita leo na kuvisha jeshi ngozi mpya kesho kutwa amekosea kalenda. Na harufu! Huko Fes, Morocco, ngozi bado zinalainishwa kwa mchanganyiko wa chokaa na kinyesi cha njiwa, na wageni hupewa majani ya mnanaa washikilie puani. Mji wa kubuni wenye karakana ya ngozi katikati ya soko, jirani na muuza mikate, haujawahi kunuswa na aliyeuandika.

Kuhusu yule mwizi anayepita kama paka: ngozi iliyokakamazwa hugongana, na ngozi mpya hulia kila ukiinama. Akitaka ukimya avae kaniki. Mvua nayo ni adui. Deraya iliyolowa inalegea, na katika nchi ya joto ukungu unaiwahi kabla ya adui.

Kama huniamini, nenda kwa fundi viatu umwombe kipande cha soli ya ngozi halisi. Tazama ukingo uliokatwa: ukiwa na rangi ya samawati au kijivu hiyo ni kromi, mrudishie, ukiwa kahawia mpaka katikati, chukua. Loweka saa moja, pasha maji hadi yaanze kutoa vipovu vidogo bila kutokota, tumbukiza kwa koleo, hesabu hadi 60, toa, kunja juu ya chupa, acha ikauke siku mbili. Halafu jaribu kuikata kwa kisu cha jikoni. Usitumie tu sufuria ya ugali, maana harufu ile haitoki.