Jimu ya Mjomba na Biashara ya Kuiga

Wahenga walinena kuwa mwiga tembo hupasuka msamba. Mimi sibishani nao, lakini likizo ya Aprili ilinifunza kwamba kuna kuiga na kuiga.

Mjomba wangu ana jimu ya mabati mtaani Bondeni, mjini Nakuru. Vyuma vyake ni saruji iliyomwagwa ndani ya makopo ya rangi na kuunganishwa kwa mabomba ya maji. Kila aingiaye hulipa shilingi 50. Januari watu hufurika, kila mmoja ameapa kumaliza kitambi cha Krismasi. Kufikia Aprili, nilihesabu watu 5 tu kwa siku. Piga hesabu nami, msomaji: 5 mara 50 mara siku 26 ni shilingi 6,500. Kodi ya nyumba ni 8,000!

Mjomba akaazimia kumuuza ng'ombe wake wa maziwa ili anunue mashine ya kukimbilia. "Mpwa wangu, watu siku hizi wanataka vitu vya kisasa," akaniambia.

"Mjomba, ngoja kwanza," nikamsihi. "Hao waliotoroka, walitoroka saruji ama nini?"

Tukawauliza. Lo! Hakuna aliyetaja mashine. Vijana walisema uvivu uliwashinda. Kina mama walisema waliona haya kunyanyua vyuma mbele ya wanaume. Hapo nikalikumbuka somo letu la Elimu ya Biashara: kabla ya kutoa pesa, tazama njia ambazo wengine wamezipitia wakafika.

Njia ya kwanza ni uanachama. Kampuni ya Planet Fitness, iliyoanza mwaka 1992 huko New Hampshire, Marekani, ilikua kwa kutoza ada ndogo ya mwezi, kwa miaka mingi dola 10, na kuwalenga watu wasiozoea jimu. Mwanachama hulipa aje asije, hivyo kodi haingojei hali ya hewa. Lakini mwendesha bodaboda hupata hela zake kwa siku; kutoa 600 kwa mpigo ni kazi. Tukaikata ada hiyo iwe shilingi 150 kwa wiki, kwa M-Pesa. Haba na haba hujaza kibaba.

Ya pili ni kumjua mteja wako. Curves ilianza Texas mwaka huohuo wa 1992, ikiwahudumia wanawake pekee kwa mazoezi ya dakika 30. Mjomba naye akatenga saa tatu hadi saa tano asubuhi kwa kina mama peke yao.

Ya tatu ni kugawana. Mwaka 1969, mwalimu wa densi Judi Sheppard Missett aliona wanafunzi wake wakipungua. Kumbe hawakutaka kuwa wachezaji stadi, walitaka miili yenye afya tu! Akawageuza wasitazame vioo, akafanya zoezi kuwa raha. Ndiyo Jazzercise hiyo. Baadaye wengine walifundisha kwa jina lake, wakimpa sehemu ya mapato. Sisi tulimpata mama mmoja mchangamfu awaongoze wenzake, naye huchukua nusu ya ada zao.

Hata hivyo, tahadhari! Curves ilitapakaa kwa kasi hadi ikawa na maelfu ya matawi, kisha mengi yakafungwa. Njia njema huenda kwa mwendo wa mguu wako. Hapo ndipo msamba wa wahenga ulipo.

Je, kwetu ikawaje? Niliporudi likizo ya Agosti, wanachama walikuwa wanaume 18 na wanawake 13. Kwa wiki 4 hizo ni shilingi 18,600. Ondoa kodi 8,000 na fungu la yule mama, 3,900. Mjomba hubaki na 6,700. Si utajiri, lakini mlango haujafungwa.

Na ng'ombe? Bado yupo, na chai ya maziwa tunakunywa. Shime wenzangu, tuyasome ya wenzetu, kisha tuyapime kwa kibaba chetu.