Wasia, hiba na deni: yaandikwe kabla ya siku ya maziko



Maswali mengi ya mirathi yanayotufikia huja wakati umeshapita. Mzee ameshazikwa, ndugu wameshaanza kununiana, na mtu anatuuliza hukumu ya jambo ambalo marehemu mwenyewe angelimaliza kwa karatasi moja na mashahidi wawili. Leo tunazungumza na walio hai.

Kwanza tukumbushane mpangilio wenyewe. Mtu akifariki, mali yake haiendi moja kwa moja kwa warithi. Hutolewa gharama za maziko, kisha madeni, kisha wasia kama upo, na kinachobaki ndicho kinachogawiwa kwa mafungu yaliyotajwa katika Suratun-Nisaa, aya ya 11, ya 12 na ya 176. Gharama za maziko ni sanda, kaburi na yanayohitajika kumfikisha marehemu huko. Sinia za wali wa khitma hazimo. Ikiwa miongoni mwa warithi wamo mayatima wadogo, kuchinja ng'ombe kwa pesa za marehemu ni kula haki yao, hata kama anayekula ni imamu wa msikiti. Anayetaka kumsomea mzee wake na alishe kutoka mfukoni mwake.

Deni nalo watu hulifahamu nusunusu. Hulikumbuka la duka na la fundi, wakalisahau la mahari. Mke aliyeahidiwa mahari na hajapewa, au kapewa nusu, anamdai mumewe, na deni hilo linalipwa kabla hajapewa fungu lake la urithi. Halikatwi humo. Zaka iliyobaki na hija iliyomlazimu mtu akaichelewesha pia ni madeni. Huko Pemba liko jengine: mikarafuu iliyowekwa rehani. Asipoandika mwenyewe ni mikarafuu mingapi, iko kwa nani na kwa kiasi gani, watoto wake hawatajua kama wanarithi mikarafuu au wanarithi kesi.

Sasa tuje kwenye wasia. Mtume (S.A.W.) alimkataza Saad bin Abi Waqqas (R.A.) kuusia mali yake yote, kisha nusu yake, akamruhusu thuluthi na akamwambia kuwa hiyo nayo ni nyingi. Na katika Hadithi ya Ibn Umar (R.A.) tumefundishwa kuwa Muislamu mwenye kitu cha kuusia hapaswi kulala siku mbili bila ya wasia wake kuwa umeandikwa. Wasia hauwi kwa mrithi, ila warithi wenzake wakiridhia baada ya kifo. Ndiyo maana karatasi nyingi tunazoletewa, zenye maneno kama "nikifa nyumba ya Michenzani ni ya binti yangu fulani", hazina nguvu peke yake. Binti ni mrithi. Mmoja wa warithi wenzake akikataa, haki ya huyo aliyekataa haiguswi.

Basi wasia ni wa nani? Hapa tunaomba msomaji atulie nasi kidogo, kwa sababu yupo mtoto anayeumia kila siku katika visiwa hivi na dawa yake iko mkononi mwa babu yake.

Chukulia mzee ana mke, mtoto wa kiume mmoja aliye hai na mabinti wawili. Wazazi wake wameshatangulia. Alikuwa na mtoto wa kiume mwengine aliyefariki kabla yake, akaacha kijana mdogo anayelelewa humo humo nyumbani kwa babu. Babu akifariki, mjukuu huyo hapati hata senti katika urithi, kwa sababu anahujubiwa na ami yake aliye hai. Sheria haikumwonea, kwani sheria ilimwachia babu thuluthi ili ajaze pengo hilo. Misri katika sheria yake ya wasia ya mwaka 1946 iliulazimisha wasia kwa wajukuu wa namna hii. Katika madhehebu ya Shafi, tunayoyafuata wengi wetu, babu asipousia mwenyewe mjukuu hana fungu.

Tuweke hesabu. Mzee ameacha mali ya shilingi milioni 47. Maziko milioni 1, madeni pamoja na mahari milioni 10. Zimebaki milioni 36, na thuluthi yake ni milioni 12. Akiwa ameusia milioni 4 kwa mjukuu yatima, yumo ndani ya mpaka. Zinabaki milioni 32. Mke anapata thumuni, yaani milioni 4. Milioni 28 zilizobaki ni za watoto, wa kiume kwa fungu la wawili wa kike: mwanamme milioni 14, kila binti milioni 7. Asingeusia, mwanamme angepata milioni 15 na laki saba u nusu. Hiyo milioni 1 na laki saba u nusu aliyopungukiwa ndiyo sehemu yake katika skuli ya mtoto wa nduguye. Aya ya 8 ya sura hiyo hiyo imewataja pia jamaa, mayatima na masikini wanaohudhuria mgawanyo, wapewe kitu na waambiwe maneno mazuri. Lakini yatima asiachwe kusubiri huruma ya siku ile.

Suala jengine ni la hiba. Mama anataka kumpa nyumba mtoto aliyemuuguza. Inawezekana, akiwa na afya yake, na akabidhi kweli. Kama ameandika khati kwa sheha lakini kodi anaendelea kupokea yeye na funguo ziko kwapani mwake mpaka anakufa, hiba hiyo haikutimia na nyumba inarudi kwenye tirka. Akitoa akiwa katika maradhi ya kifo, inahesabiwa kama wasia. Na asisahau kisa cha baba yake Nuuman bin Bashir (R.A.), aliyekwenda kumshuhudisha Mtume (S.A.W.) zawadi ya mtoto mmoja, akaulizwa kama watoto wote amewapa mfano wake. Penye sababu ya haki, kama maradhi au uhitaji, awaite watoto wote na awaeleze yeye mwenyewe.

Hakuna linalovunja udugu siku hizi kama nyumba ya mtoto aliyeko Muscat, Dubai au London. Anatuma pesa miaka 10, baba anasimamia ujenzi kwenye kiwanja chake, baba anafariki, na kila mmoja ana hadithi yake. Hukumu inategemea pesa zile zilitumwa kwa nia gani. Zikiwa zawadi kwa baba, nyumba ni tirka na wote wanarithi. Zikiwa mkopo, ni deni na linalipwa kwanza. Akiwa amejijengea mwenyewe kwa idhini ya baba, jengo ni lake, lakini kiwanja kinabaki cha warithi mpaka waelewane. Bila ya maandishi, kadhi atataka ushahidi, na ushahidi wa ujumbe wa simu uliofutika haupatikani. Mwanangu uliyeko ughaibuni, andikianeni na baba kabla ya tofali la kwanza. Kufanya hivyo si kumkosea adabu.

Anayeandika wasia ataje mali zake na zilipo, anaowadai na wanaomdai, amana za watu alizonazo, na amteue wasii mwaminifu. Ashuhudishe mashahidi wawili waadilifu, nakala asiifungie kabatini peke yake. Mgawanyo wenyewe upelekwe Mahakama ya Kadhi au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, usiachiwe kaka mkubwa. Tumeshaona mabinti wakiambiwa "wewe umeolewa, una kwako", wakanyamaza kwa haya miaka 20 huku kodi ya nyumba ya baba yao inaliwa na kaka zao. Kunyamaza huko hakukuondoa fungu lao, na kodi yote iliyopita wanaidai.

Wallahu a'lam.