Goti Liumalo na Mizani ya Tiba Zake

Mtu akiugua moyo huachiwa matabibu, na akiugua macho hupelekwa kwa wajuzi wa macho, lakini akiugua goti kila apitaye barazani huwa tabibu wake: huyu atamwambia ale bamia kwa wingi ili ute wa goti urudi, yule atamwapia kuwa supu ya makongoro imemwinua mjomba wake kitandani, wa tatu atamtajia duka lenye mafuta ya makonyo yasiyo na kifani, na wa nne, ambaye ana jamaa zake Maskati, atamshauri asipoteze wakati bali auze kiwanja akabadilishe goti Bara Hindi. Ushauri huu wote hutolewa bure na kwa mapenzi, na kwa hiyo ni vigumu kuukataa; naye mgonjwa, ambaye usiku uliopita hakupata usingizi, aghalabu huufuata wote kwa zamu, akajikuta baada ya miaka michache amekwisha tumia fedha nyingi pasipo kuuliza swali ambalo lingefaa kutangulia yote, nalo ni hili: goti hili nalitaka linifanyie kazi gani?

Namjua mwanamke mmoja wa Ng'ambo, Unguja, ambaye kwa miaka mingi ameilisha nyumba yake kwa vitumbua. Kazi yake huanza kabla ya alfajiri, naye alikuwa akiifanya ameketi juu ya kigoda kifupi, magoti yamekunjwa hata kukaribia kifua, jiko la mkaa mbele yake na chuma cha vitumbua juu ya jiko. Akitaka tui hukaa juu ya mbuzi. Akitaka kwenda haja huchuchumaa. Akitaka kusali husujudu. Na kila kimoja katika hivyo hulikunja goti hadi mwisho wa kukunjika kwake. Alipokwenda hospitali, daktari kijana alimwambia kwa adabu, "Mama, kuanzia leo usikae chini tena." Akamjibu, "Mwanangu, jiko langu liko chini." Daktari hakuwa na kosa, wala mama hakuwa mkaidi, ila ushauri ulitoka katika kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya watu ambao majiko yao yako juu, na hapakuwa na mtu aliyeketi kuutengeneza uingie katika ua wa nyumba ya Ng'ambo.

Goti ni makutano ya mifupa mitatu: wa paja, wa muundi, na pia ya goti iliyokaa mbele yake. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu lenye utelezi, na uwazi ulio baina yake hulowanishwa na ute unaotolewa na utando wa kiungo. Maradhi ninayoyasema hapa ni yale ambayo matabibu huyaita osteoathritisi, ambayo huwapata wanawake zaidi ya wanaume, huja na umri, na huzidishwa na uzito wa mwili na majeraha ya ujanani, kama la mchezaji mpira aliyeteguka goti akafungwa kitambaa na kurudishwa uwanjani. Tusiyachanganye na jongo, linalotokana na asidi ya yuriki kuganda kiungoni, wala na baridi yabisi ile ambayo kinga ya mwili huvigeukia viungo vya mwili wenyewe, kwa maana kila moja lina dawa yake. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kuwa osteoathritisi ni gegedu kuchakaa tu. Sasa imeyakinika kuwa ni maradhi ya kiungo kizima, kuanzia gegedu, na mfupa ulio chini yake, na utando utoao ute, hata misuli ya paja ambayo hunyong'onyea kwa kukosa kazi.

Jambo linalowaponza wengi ni kwamba picha ya goti na maumivu ya mwenye goti si lazima yapatane. Huko Framingham, katika jimbo la Massachusetts, Marekani, watu wa makamo na wazee walipigwa picha za magoti kwa mashine ya sumaku, na matokeo yalipotolewa mwaka 2008 ilidhihirika kwamba katika wale waliokutwa na mpasuko wa meniski, lile gegedu lililo kati ya mfupa wa paja na wa muundi, asilimia 61 hawakuwa wamesikia maumivu wala kukakamaa kokote katika mwezi uliotangulia. Wapo ambao picha zao ni za kutisha nao hupanda minazi, na wapo ambao picha zao hazina dosari kubwa nao hawafiki msikitini. Anayekimbilia kisu kwa kuogopeshwa na picha huitibu picha, na goti likabaki na shida yake.

Turudi kwenye bamia. Ni mboga njema, na makongoro ni supu yenye kushibisha, lakini kila kiliwacho hupitia tumboni kikavunjwavunjwa, na hakuna njia itokayo kwenye utelezi wa bamia kwenda kwenye ute wa goti. Hata glukosamini na kondroitini, vidonge vinavyouzwa kwa bei kubwa kwa hoja ile ile ya makongoro, vilipopimwa Marekani kwa wagonjwa 1,583 na matokeo yakachapishwa mwaka 2006, kwa jumla havikuonekana kushinda kidonge kitupu kisicho na dawa. Kuchuliwa kwa mafuta ya makonyo au ya nyonyo, na kukandwa kwa maji ya moto, sikupingi: hulegeza misuli, hutuliza kwa saa chache, na mkono wa mchuaji mwema nao ni faraja. Ninayoyapinga ni makopo ya unga na vidonge yasiyojulikana mtengenezaji wake, ambayo mgonjwa akiyatumia leo, kesho huamka akitembea kwa mbwembwe. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo juu ya vidonge vya maumivu ya viungo vilivyouzwa kama dawa za asili, ilhali ndani yake mlifichwa deksamethasoni na diklofenaki. Deksamethasoni ikitumiwa kwa muda mrefu pasipo uangalizi hufurisha uso, hupandisha sukari, hudhoofisha mifupa, na ikikatizwa ghafla yaweza kumwangusha mtu. Basi dawa isiyotajwa vilivyomo ndani yake, hata ikiwa imeuzwa na mtu mwenye ndevu na tasbihi, haifai kuingia kinywani.

Dawa za hospitali nazo zina daraja zake. Jeli ya diklofenaki hupakwa juu ya goti ikapenya kwa kiasi cha kufaa, nayo haina madhara mengi kwa tumbo na figo kama vidonge vya dawa hiyo hiyo, ambavyo watu wetu wamezoea kuvinunua dukani na kuvimeza hata kabla ya chai. Mwenye shinikizo la damu, mwenye vidonda vya tumbo na mwenye figo dhaifu, wote wana sababu ya kuvihofu. Sindano ya steroidi ndani ya goti huleta nafuu ya wiki kadhaa, na kwa mtu aliyezidiwa au anayejiandaa na safari ya Hija yaweza kuwa msaada. Lakini kuifanya desturi ni jambo jingine, kwani katika uchunguzi wa wagonjwa 140 uliochapishwa mwaka 2017, waliochomwa sindano hiyo kila baada ya wiki 12 kwa muda wa miaka miwili walipoteza gegedu zaidi ya waliochomwa maji ya chumvi, na maumivu yao hayakutofautiana. Ama ile sindano ya jeli inayosemekana kurudisha ute, ambayo bei yake humtoa mtu jasho, chama cha madaktari bingwa wa mifupa wa Marekani hakiipendekezi kwa matumizi ya kawaida.

Ipo tiba moja isiyo na kopo wala duka, na kwa sababu haimpi muuzaji faida, haina wa kuinadi. Mlingoti wa jahazi hausimami kwa unene wake, bali kwa kamba zinazoukaza huku na huku. Ndivyo lilivyo goti mbele ya misuli ya paja, na paja likidhoofika kila hatua hubebwa na kiungo peke yake. Kwa hiyo mgonjwa huketi juu ya kiti madhubuti akainuka pasipo kushika kitu, akaketi tena polepole, akarudia mpaka paja lichoke. Hulala chali akaunyoosha mguu na kuuinua kidogo, akauzuia hewani kitambo, akaushusha. Huweka taulo lililoviringwa chini ya goti na kulikandamiza kwa nguvu za paja. Hufanya hivyo siku mbili au tatu katika wiki, kwa muda usiopungua miezi mitatu, akiongeza kidogo kidogo. Wiki za mwanzo goti huenda likauma zaidi, na hapo ndipo wengi huacha wakasema mazoezi yamewazidishia maradhi. Walakini uchungu unaopanda wakati wa mazoezi na kurudi kiasi chake cha kila siku ifikapo kesho yake si dalili ya kuumia. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya wagonjwa 156 waliotibiwa katika hospitali za jeshi la Marekani, nusu yao kwa sindano za steroidi na nusu kwa mtaalamu wa fiziotherapia, na baada ya mwaka mmoja hawa wa pili walikuwa na maumivu machache na uwezo zaidi.

Pamoja na mazoezi huenda uzito. Katika pwani hii, ambako mwanamke aliyenenepa husifiwa kuwa ametunzwa, neno la kupunguza mwili halisemwi kirahisi, wala halifai kusemwa kwa dhihaka. Lakini hesabu yake ni ya kutia moyo, kwa sababu kila kilo moja inayopungua mwilini huliondolea goti mzigo wa kilo nne hivi katika kila hatua.

Juu ya kisu, kwanza niseme habari ya kuoshwa goti kwa matundu madogo, ambako zamani kulipendwa sana. Huko Houston wagonjwa 180 waligawanywa, wengine wakaoshwa na kusafishwa goti, wengine wakachanjwa ngozi tu na kushonwa. Na matokeo yalipotolewa mwaka 2002, katika miaka miwili ya kuwafuatia, waliooshwa hawakuwa wamewapita waliochanjwa ngozi kwa lolote. Mwenye osteoathritisi anayeshauriwa tiba hiyo leo ana haki ya kuuliza sababu.

Kubadilisha goti ni habari nyingine, nayo ina heshima yake. Mwaka 1890 Themistocles Gluck, tabibu wa Berlin, aliwatia wagonjwa magoti ya pembe za ndovu, bidhaa ambayo siku hizo Unguja ilikuwa soko lake kuu katika Afrika ya Mashariki. Viungo vile vilishindwa, kwa kuwa magoti yenyewe yalikuwa yameharibiwa na kifua kikuu. Goti la chuma na plastiki linalofanana na la leo lilianza kutumiwa New York mwaka 1974 katika mikono ya John Insall na wenzake, na uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba takriban asilimia 82 ya magoti ya bandia hudumu miaka 25. Tena hakuna haja ya kila mtu kuuza kiwanja, maana operesheni hii hufanyika hata katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam. Katika uchunguzi wa Denmark wa mwaka 2015, wagonjwa 100 ambao wote walistahili kubadilishwa goti waligawanywa mafungu mawili: waliopasuliwa kisha wakafanya mazoezi, asilimia 85 walipata nafuu ya maana baada ya mwaka, waliofanya mazoezi, kupunguza uzito na kutumia dawa pasipo kisu, asilimia 67, na madhara makubwa yalikuwa 24 kwa fungu la kwanza na 6 kwa la pili. Mwaka ulipokwisha, robo tu ya hawa wa pili walikuwa wamekwenda kupasuliwa. Mwenye insafu ataona hapo kwamba kisu hushinda, na kwamba ushindi wake una gharama. Aidha takwimu za nchi mbalimbali zimeonyesha kuwa mtu mmoja hivi katika kila watano waliobadilishwa goti haridhiki na alichokipata.

Na hapa lile swali la mwanzo huwa zito. Goti la bandia kwa kawaida hukunjika kiasi cha nyuzi 110 hadi 120, na hizo hutosha kutembea, kupanda ngazi na kuketi kitini. Lakini kuchuchumaa, kukaa juu ya mbuzi na kikao cha tahiyatu hutaka zaidi ya nyuzi 130, na wengi waliobadilishwa hupata tabu hata kupiga goti hilo kanisani. Sharia imempa asiyeweza rukhsa ya kusali ameketi, na hakuna haya katika kuitumia. Ila ni vema mtu ayajue hayo kabla ya kutia sahihi, asije akalia baadaye kwamba maumivu yamekwenda na mkeka umekwenda nayo. Asiyelala usiku kwa maumivu, aliyepindika mguu, aliyekwisha fanya mazoezi kwa miezi na bado hafiki dukani, huyo asicheleweshwe na hofu ya kisu.

Yule mama wa vitumbua hajapasuliwa. Mwanawe alimjengea meza ya matofali ya kuweka jiko, akamnunulia kiti kirefu, na nazi zikawa zinakunwa na mjukuu. Chooni kiliwekwa kiti chenye tundu juu ya shimo, na fimbo, aliyokuwa akiishika upande wa goti bovu kama watu wengi wafanyavyo, alifundishwa kuihamishia mkono wa upande wa pili, na kwenye ngazi kupanda kwa mguu mzima na kushuka kwa mguu mbovu. Goti lingali linamuuma, naye angali anauza vitumbua.

Rai yangu kwa wanaosimamia hospitali zetu ni moja: mgonjwa wa goti asitoke chumba cha daktari na vidonge peke yake. Apewe na siku ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, na huyo amuulize jiko lake liko wapi, choo chake ni cha namna gani, na husali vipi. Ama goti lililovimba, likawa jekundu na la moto, na mwenyewe ana homa, hilo halingoji siku ya miadi wala mafuta ya jirani; lipelekwe hospitali siku ile ile.